Kipima Mvua Ndani ya Probox: Nakuru hadi Kitale

Jumatatu: Nakuru hadi Marigat

Mzigo wa gari langu, Probox, ni katoni za vipima mvua vya plastiki, oda za agroveti za Marigat, Kericho, Kisumu, Kakamega na Kitale. Kimoja nimekitoa kwenye katoni: hicho tutakisimamisha popote tutakapolala. Mpwa wangu yuko kidato cha nne, likizo ya Aprili imemkuta amelala kwenye kochi akisoma jiografia kwa sauti, basi nikamkabidhi daftari. Kazi yake ni moja, saa tatu kamili asubuhi asome na kuandika. Saa hiyo ndiyo vituo vya Idara ya Hali ya Hewa husoma vipima mvua vyao, na asiyesoma saa ile ile na wenzake hana wa kujilinganisha naye.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mabati la mita kumi kwa nane likinyeshewa milimita 20 linamwaga lita 1,600, ikiwa mifereji ni mizima. Nawaambia hivyo wateja wote, na wengi wao huacha habari ya kipima mvua wakaniuliza bei ya tangi.

Tulipoondoka Nakuru chombo kilikuwa na milimita 11 za jana jioni. Kwa mwaka Nakuru hupata milimita 900 na kitu. Nikamwambia kijana kwamba London hupata kama 600 tu.

"Mjomba, acha. London si ni mvua kila siku?"

Ni kweli mvua yao ni ya mara kwa mara, lakini ni manyunyu, yanaanza asubuhi na jioni bado yanachuruzika, na ukijumlisha unapata kidogo. Yetu hungoja alasiri, ikamwaga kwa saa moja, kisha jua likatoka watu wakaanika nguo tena. Mwenye mwavuli London analowa kidogo siku nyingi. Sisi tunalowa mara moja mpaka kwenye soksi.

Barabara ya Mogotio inateremka. Pale Mogotio unavuka Ikweta bila kuhisi lolote, ukitoa wauzaji wa vinyago na ile beseni ya maji yenye shimo wanayowachezea watalii. Nakuru iko mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Marigat ni mita elfu moja na kitu. Kila ukishuka unafungua kioo zaidi. Mahindi yanaisha, katani inachukua nafasi, kisha migunga, kisha mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na sasa umeziba malisho na njia za mbuzi. Kando ya barabara asali imepangwa kwenye chupa za soda.

Kwa nini pakavu hivi, ilhali Nakuru iko saa mbili nyuma? Marigat imekaa shimoni, milima ya Tugen upande mmoja, ukingo wa Laikipia upande wa pili. Hewa ikipanda mlima inapoa, mvuke unageuka matone, mvua inanyesha huko huko juu. Ikiteremka upande wa pili inapata joto na kiu. Anayekaa bondeni anaona mawingu, anasikia ngurumo, halafu anakwenda kuchota maji mtoni.

Jioni tulikula mbuzi, kijana akatoa kitabu chake kwenye ukurasa wa Wladimir Köppen, aliyeigawa dunia kwa tabia ya hewa. Huyu alizaliwa St Petersburg mwaka 1846, akafanya kazi miaka mingi Ujerumani, na mwanzo wake ulikuwa elimu ya mimea. Nadhani ndiyo sababu nampenda kuliko wengine waliogawa dunia: alianza kwa kuuliza mti gani unaota wapi, ndipo akatafuta tarakimu za kuuelezea. Mpangilio wake uliojulikana zaidi aliutoa mwaka 1900. Makundi ni matano kwa herufi: A ni joto la tropiki, B ukavu, C wastani, D baridi kali ya majira, E barafu na vilele.

Kundi B ndilo lenye hesabu ya kuvutia, kwa sababu Köppen hakusema tu "mvua chini ya kiasi fulani ni jangwa". Alitazama na joto. Chukua wastani wa joto la mwaka, zidisha kwa 20, halafu ongeza kiasi kinachotegemea msimu wa mvua. Mahali ambapo mvua imesambaa pande zote za mwaka unaongeza 140. Jibu ni milimita ambazo mahali panahitaji ili pasiitwe pakavu. Ukipata chini ya nusu yake, wewe ni jangwa. Ukipata kati ya nusu na kamili, ni nusu jangwa.

Tukaifanya juu ya meza, kando ya mifupa. Marigat ina wastani wa nyuzi 24 hivi. Ishirini mara 24 ni 480, na 140 ni 620. Mvua ya Marigat kwa mwaka ni 600 na ushee. Kumbe mji mzima umeketi juu ya mpaka! Mwaka mzuri wanavuka, mwaka mbaya wanarudi. Tukaipima na London: wastani wa nyuzi 11, mara 20 ni 220, na 140 ni 360. Kwa mvua karibu ile ile ya Marigat, London ina akiba kubwa na nyasi za kijani mwaka mzima. Hapa jua linakunywa kabla ya mbuzi. Kutoka kwenye maji ya wazi, jua la Baringo linaweza kunyanyua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua haifikii hata nusu yake.

Jumanne: Marigat hadi Timboroa

Saa tatu: sufuri. Ndani ya chombo kulikuwa na vumbi na sisimizi mmoja. Kijana akauliza kama sufuri inaandikwa. Inaandikwa. Ukiacha nafasi wazi, atakayesoma kesho hajui kama hakukunyesha au hukuamka.

Kabla ya kupanda tulipitia Kampi ya Samaki. Pwani ya zamani haipo. Kuna vigogo vya miti iliyokufa imesimama majini, na mapaa ya majengo yaliyomezwa. Ziwa Baringo limepanda mno tangu kama mwaka 2010, sawa na Bogoria na Nakuru. Mgeni huona ajabu, nchi kavu inafurika namna gani? Lakini maji haya hayakunyesha hapa. Yalinyesha juu kwenye misitu ya Mau na milima ya Tugen, yakashuka na mito kama Perkerra na Molo. Maji ya Perkerra ndiyo yanayonywesha pia mashamba ya umwagiliaji ya Marigat, na zao kubwa humo ni mahindi ya mbegu. Yaani mkulima wa nyanda za mvua anaweza kupanda mbegu iliyokulia kwenye nusu jangwa, na yuko sahihi: mvua zikija ovyo ni vigumu kukausha mbegu vizuri.

Kupitia Eldama Ravine gari liliomba gia ya pili mara nyingi. Makutano tukashika barabara kuu ya Eldoret, na kufikia Timboroa tulikuwa tumevaa kila nguo tuliyokuwa nayo. Stesheni ya reli ya Timboroa iko mita 2,740 hivi. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Marigat tumepanda zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo tumepoteza kama nyuzi 11 bila kuondoka kwenye Ikweta. Watoto wanauza viazi na karoti barabarani wamejifunga marinda kichwani. Ukungu ulishuka saa kumi ukakaa.

Sina mengi ya kuandika kuhusu usiku ule. Blanketi zilikuwa tatu, hazikutosha.

Jumatano: Timboroa hadi Kericho

Milimita 3, na nyingi yake, nashuku, ni ukungu uliojikusanya kwenye faneli. Tukarudi Mau Summit, tukakata kulia, Londiani, mpaka chai ilipoanza.

Kericho, Eldoret na Timboroa, kwa Köppen, ni kundi C, na herufi zake kamili ni Cfb: mwezi wa baridi uko chini ya nyuzi 18, hakuna msimu mkavu kabisa, mwezi wa joto haufiki 22. London nayo ni Cfb. Hapo ndipo ninapogombana na herufi. London ina mwezi wa kuvaa koti na mwezi wa kulala bustanini. Kericho Januari na Julai zinafanana kama mapacha. Tofauti kubwa ya joto iko kati ya mchana na usiku wa siku moja. Herufi tatu zinafaa mtihani, lakini mkulima wa chai akizifuata hajui lolote kuhusu kitu kinachomsumbua kuliko vyote, mvua ya mawe.

Ilitukuta hapo hapo. Saa nane na nusu mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa mashariki, meusi chini, meupe kama pamba juu. Wachuma chai waliangalia mara moja tu, wakabeba vikapu wakakimbilia banda la kupimia. Dakika chache baadaye bati lilianza kupigwa, kwanza moja moja, kisha ikawa kelele tupu, mtu anafungua mdomo humsikii. Mawe yalikuwa ya ukubwa wa punje ya mahindi, machache kama gololi. Yalirukaruka kwenye majani ya chai, na kila yalipogonga vile vichipukizi laini vya majani mawili na kichwa, vile vinavyochumwa, yaliacha alama nyeusi. Ilipotulia harufu ya majani mabichi yaliyosagwa ilijaa kote. Mama mmoja aliokota mkono mzima wa mawe, akayatupa.

"Wiki hii sasa ni kupiga miayo tu," akasema. "Mpaka yachipue tena."

Nyanda hizi za Kericho na Nandi zinahesabiwa kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda mchana, hukutana na pepo za mashariki juu ya milima, na hewa inarushwa juu kwa nguvu. Katika tropiki, kiwango cha kuganda kiko karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Matone yakivuka hapo yanaganda, yakipandishwa na kushushwa yanajivika barafu. Mombasa jiwe kama hilo lina safari ndefu kwenye hewa ya joto, linafika likiwa maji. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu, safari ni fupi, linafika likiwa jiwe.

Barafu ilikuwa imejaa kwenye faneli yetu na haishuki. Kijana alitaka kusubiri iyeyuke yenyewe, lakini jua lilikuwa limetoka na maji yangepotea. Nikaomba maji ya moto jikoni. Unayapima kwanza kwenye gilasi ya kipimo, tukapima milimita 10, unamwaga juu ya barafu taratibu, inasinyaa na kuteremka. Tukasoma 41, tukatoa 10 zetu, ikabaki 31. Ilimfurahisha kuliko kitu chochote nilichomweleza tangu Nakuru.

Alhamisi: Kericho hadi Kisumu

Asubuhi ilikuwa safi na hakuna kilichoongezeka usiku. Kutoka Kericho unateremka mpaka Awasi, na Ahero uwanda wa Kano unafunguka, bapa kama meza, mpunga kushoto na kulia. Huku mvua inayowaumiza si yao. Mto Nyando unachota maji ya milimani, unayamwaga uwandani, na wenye nyumba wanaweza kuhama chini ya anga la buluu.

Kisumu iko mita 1,130 hivi, na hewa yake inakupokea kwa kukukumbatia. Ni kundi A, maana hakuna mwezi hata mmoja unaoshuka chini ya wastani wa nyuzi 18. Mvua inafika milimita 1,300 na zaidi kwa mwaka, na hata Januari haikosi. Mwenye agroveti alichukua katoni mbili, akalalamikia bei, akanunulia kijana soda.

Nilimwambia kijana atazame pande mbili. Saa tisa alasiri, juu ya ziwa hakukuwa na wingu. Juu ya milima ya Nandi, nyuma ya mji, kulikuwa kumekwisha kuwa usiku. Mchana nchi kavu inapata joto haraka, hewa inapanda, ziwa linapeleka upepo wake kuziba nafasi. Upepo huo ukigonga kuta za Nandi na Nyabondo unapanda, na mvua inanyesha huko. Wakati wa jioni ngurumo huweza kurudi mjini, na siku hiyo zilirudi, matone makubwa kwa nusu saa, bodaboda zote chini ya veranda.

Kufikia saa nne mambo yakageuka. Nchi kavu imepoa, ziwa bado lina joto lake, na sasa upepo unatoka pwani zote kuelekea katikati. Hewa ikikutana katikati haina pa kwenda ila juu. Kwenye balkoni tuliona radi zikiwaka upande wa Homa Bay na kule mbele, kimya, mbali mno kusikika.

Ijumaa: Kisumu, Maseno, Kakamega

Milimita 9, zote za jioni. Usiku, pale mjini, hakukudondoka tone.

Dunga, mitumbwi ya omena ilikuwa inaingia. Omena huvuliwa usiku kwa taa, yaani wavuvi wako kule katikati saa zile zile mvua inapojikusanya. Nilimsalimu mmoja aliyekuwa anakamua maji kwenye shati.

"Mzee, pole. Ilikuwa kali?"

"Ya kawaida. Ile kali unaisikia baridi mgongoni kwanza, unakata kamba, unaondoka. Nyavu utarudi kutafuta."

Ile baridi mgongoni ni hewa iliyopozwa na mvua, inayoporomoka kutoka kwenye wingu na kutambaa juu ya maji mbele ya dhoruba. Kitabu cha kijana kina ukurasa mzima juu ya upepo wa nchi kavu na upepo wa bahari, na mchoro wenye mishale. Hakisemi kwamba mshale ule wa usiku unaua watu.

Ziwa hili linajinyeshea. Sehemu kubwa ya maji yake, kama asilimia 80, huingia kwa mvua inayoanguka juu yake moja kwa moja, na karibu kiasi hicho hicho hupotea kwa mvuke. Mito inachangia kidogo. Kwa kuwa pepo za mashariki husukuma dhoruba za usiku kuelekea Uganda, visiwa vya Ssese kule hupata zaidi ya milimita 2,000, na sisi wa upande huu tunapata pungufu. Halafu mizani hiyo ikiguswa kidogo inaonekana. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kupita yale ya upande wa Indonesia, vuli ikamwagika bila breki, masika ya 2020 ikapokea, na Mei 2020 ziwa likavuka alama ya juu ambayo ilikuwa imedumu tangu 1964. Dunga watakuonyesha maji yalipofika ukutani.

Maseno tulivuka Ikweta tena. Hapa ni nchi ya Wanyore, na ukoo wa Nganyi umetabiri mvua vizazi na vizazi kwa kuangalia miti inavyochanua na kupukutisha, ndege na wadudu wanavyohama. Miaka ya karibuni wamekaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa kutoa utabiri wa msimu wa pamoja. Wapo wanaocheka. Mimi sicheki: mti umesimama mahali pale pale miaka sitini ukipima unyevu wa udongo na joto la usiku, na hiyo ni data. Köppen mwenyewe alianza na miti.

Jumamosi: Kakamega

Milimita 38 tangu jana. Ilinyesha saa tisa, ikanyesha saa kumi na moja, radi ikapiga karibu mpaka stima ikapotea. Kakamega inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na msitu wake ni kipande cha mashariki kabisa cha ile misitu mikubwa iliyoanzia Kongo na Afrika Magharibi. Ndani hakuna upepo. Mvua ilikuwa imekwisha nje, lakini chini ya miti ilidondoka bado kwa muda mrefu.

Huku ndiko kijana alipouliza swali zuri. Kama Ikweta ndiyo inayoleta mvua, na Wajir iko karibu na Ikweta, mbona hawapati?

Jua la utosini hupasha hewa, hewa inapanda, mvua inanyesha. Hewa ile ikifika juu husambaa kaskazini na kusini, ikashuka ikiwa kavu karibu na latitudo 30. Ndiyo sababu Sahara, Kalahari na majangwa ya Australia yako huko. Mkanda wa mvua hufuata jua kwa kuchelewa kidogo, ukapita kwetu Aprili na tena Novemba. Lakini hiyo ni kanuni ya kwenye ramani tupu. Mashariki na kaskazini mwa Kenya pepo za musimu mara nyingi hukimbia sambamba na pwani badala ya kuingia zikiwa na maji, na kati ya milima ya Ethiopia na yetu kuna mkondo wa upepo wa kasi, ulioelezwa na watafiti Kinuthia na Asnani mwaka 1982, unaopita Turkana na kutawanya unyevu badala ya kuukusanya. Sisi wa magharibi tuna mlima, tuna ziwa, na kati ya Juni na Agosti tuna hewa ya Kongo inayovuka kutoka magharibi.

Jumapili: Kitale

Kupitia Webuye tulifika adhuhuri. Chombo cha asubuhi kilikuwa na 14. Kitale hupata kama milimita 1,200 kwa mwaka, pungufu kuliko Kisumu, na bado ndilo ghala la mahindi. Siri iko kwenye kalenda. Mvua huanza Machi au Aprili na kwenda mfululizo mpaka Oktoba, msimu mmoja mrefu, na mahindi ya nyanda za juu yanayochukua miezi sita au zaidi yanapata maji mwanzo hadi mwisho. Ukizigawa milimita hizo hizo kwa masika na vuli, na ukavu katikati, mbegu ile ile itakufa ikiwa kiunoni. Mwenye agroveti hapa hakuuliza mwaka ulikuwa na milimita ngapi. Aliuliza kama chombo kinaweza kuonyesha siku kumi za mwanzo, maana hizo ndizo wateja wake hupigania.

Mlima Elgon ulijifunua saa kumi. Kilele kiko mita 4,321, upande wa Uganda, na kwa hesabu ya nyuzi 6.5 wastani wake hauwezi kuzidi nyuzi tano. Hata mwezi wa joto zaidi ukiwa chini ya nyuzi 10, hiyo ni kundi E, tundra, pale pale juu ya mashamba ya mahindi.

Kijana akafungua daftari, akaweka alama. B tumelala, C tumetetemeka, A tumetoka jasho, E tunaiona kwa macho. D hatutaipata hata tukizunguka Ikweta yote, kwa sababu inataka kipupwe cha kweli na kiangazi cha kweli ndani ya mwaka mmoja, Siberia au Kanada.

"Na jangwa lenyewe, Mjomba? Marigat ilikuwa mpakani tu."

Lodwar ina wastani wa karibu nyuzi 29 na mvua ya milimita 200 hivi. Alipiga hesabu mwenyewe: 580, na 140, 720, nusu yake 360. Jangwa kamili, na basi linaondoka hapa Kitale, linateremka Kapenguria na Marich. Zimebaki katoni mbili ambazo hazina mwenyewe. Nimemwambia kama atapata agroveti moja ya Lodwar itakayonunua kipima mvua, mafuta ni juu yangu. Ameanza kupiga simu.